Kichwa Kiko Wapi

Muuzaji wa Soko la Jiji alinipimia kilo moja na robo,
minofu mitupu ya sangara, myeupe kama shuka za wodi,
akaifunga kwa gazeti, akauliza kama nataka na kichwa.
Nikasema hapana. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

La pili ni chupa ya zeituni:
kwa bei yake ningenunua unga wa wiki mbili.
Nikaificha chini ya sukumawiki
nikipanda ngazi za Pangani, ghorofa ya nne,
nisije nikamkuta Oloo mlangoni na macho yake ya risiti.

Mavyaa alikuwa sebuleni, Mama Dorsila,
jicho la kulia limefungwa bandeji tangu Jumanne,
la kushoto likifanya kazi ya mawili.
"Unapika nini, Mutheu, mbona sisikii mafuta yakilia?"

Hayakulia. Mapishi haya hayataki kelele.
Kitunguu kinalainika polepole kwa mafuta ya zeituni
hadi mwanga upite ndani yake;
kitunguu saumu, punje nne, na moja ya ziada kwa woga;
nyanya za Mwea nilizozimenya kwa maji moto,
ganda la limau, mbegu za shamari,
divai kidogo iliyosalia Krismasi.
Kisha samaki analazwa juu, halazimishwi.
Mfuniko. Moto mdogo,
kama mgonjwa uliyemwambia alale tu, utamwamsha.

Hapo tokeni zikaisha. Giza.
Gesi ikabaki na duara lake la buluu,
nami nimeinama na tochi ya simu
nikihesabu dakika kwa pua.

Oloo akawasha mshumaa.
Mama Dorsila akanawa, akatia vidole,
akapekua mchuzi pembe hadi pembe.
"Kichwa kiko wapi?"
Hana kichwa, mama.
"Na mgongo?"
Hana.
Akanyamaza. Akaukanda mkate kiganjani
kama ugali uliokataa kutii.

Nyumba hii yote yajua: miaka kumi na tisa
alikaa nje ya ukuta wa kiwanda, Kisumu,
na karai lake,
akinunua mgongo wazi —
kichwa, uti, mkia, na katikati upepo —
akakaanga, akauza,
karo ya Oloo muhula kwa muhula, mfupa kwa mfupa.
Nyama ilitokea mlango mwingine, imelala kwenye barafu,
ikapanda ndege.

Sasa ameokota kipande, kikamwachia vidoleni,
hakina mwiba wa kukwepa, hakimpi ulimi kazi.
Akatafuna kwa muda mrefu kuliko samaki alivyohitaji.
"Kumbe ni wewe," akasema.
Hakuwa anasema nami.

Halafu zeituni. Aliidhani zambarau.
Akauma, akakunja uso mzima, hata bandeji,
akatema kokwa kiganjani,
akaisogeza kwenye mshumaa, kwenye jicho lake moja.
"Na mfupa wao ndio huu?
Mdogo hivi?"

Oloo alicheka kwanza. Mimi nikafuata, kisha nikaacha.
Yeye alizila zote, kumi na moja,
akazifunga kokwa kwenye leso, mafundo mawili,
akasema zitaota Usenge, nyuma ya jiko,
pale magamba yalipolisha udongo.

Miezi mitatu sasa. Kila nikipiga simu, hazijaota.
Anazimwagilia tu.
Na jana kaniagiza: Desemba nije na sufuria ile ile,
na mafuta yale yasiyolia.
Kichwa atatafuta yeye.